Ramson Akinyamaza

Hakuna Mngoni wa mtaa wetu wa Lizaboni ambaye Ramson Mwinuka hajamzika angalau mara moja akiwa hai. Mimi mwenyewe, Esteria fundi cherehani, amenizika mpaka nimezoea. Asubuhi nikifungua kibanda changu, yeye tayari yuko mlangoni mwa karakana yake ya useremala, ukuta mmoja na wangu, penseli sikioni, futi ya utepe inachungulia mfukoni, ananitazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndala, ananisalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, Mngoni. Naona umenenepa. Mbao nilizokuwekea hazikutoshi tena."

Namjibu kwamba akitangulia yeye tutamzika ndani ya kidumu cha ulanzi, pombe ya mianzi ya kwao, maana ndimo alimozaliwa. Tunacheka, kila mtu anaendelea na kazi yake.

Yeye ni Mbena wa Njombe, na sisi Wangoni ni watani wake. Babu zetu walipigana hadi wakachoka, wakaona heri watukuu wao watukanane. Mtani hakasirikiwi, hata akikutukana msibani mbele ya maiti wa nyumbani kwako. Ila huyu wetu kazi yake ni kutengeneza majeneza, basi utani wake una harufu ya mbao mpya. Mimi ndiye ninayemshonea vitambaa vya ndani, satini nyeupe na lesi pembeni, kwa hiyo sina uso wa kujifanya mtakatifu.

Watumishi wanaohamia hapa kutoka mikoa mingine humwona kichaa. Mwalimu mmoja mgeni alitaka kumpeleka kwa mtendaji, eti anawatishia watu vifo. Tulimcheka sana yule mwalimu. Hakujua kwamba matusi ya Ramson hayajawahi kumtisha mtu hapa mtaani. Tunachokiogopa ni pale anapoyaacha.

Tulijifunza hilo kwa mzee Rupert, aliyekuwa akiuza mitumba pale kona. Alikuwa anapita kila siku, na kila siku alipewa lake. Siku moja amepita, ana kikohozi kidogo tu cha baridi ya Juni, Ramson akainuka kwenye benchi, akavua kofia. "Shikamoo, mzee." Basi. Rupert akasimama kungoja tusi lifuate, halikufuata. Akasema, "Marahaba," kwa sauti ndogo, akaenda zake. Wiki haikuisha tukamzika. Nilimuuliza Ramson aliona nini, akasema hajui, ulimi tu ulikataa.

Sasa Aidani. Huyu ni mtoto wa Ludovika Komba, mjane anayekaanga vitumbua ng'ambo ya barabara, na hana mwingine. Alikuwa kidato cha pili, golikipa, anarefuka kila ukilala na kuamka. Ramson alimpenda kupita kiasi, kwa hiyo alimtukana kupita kiasi. "Wewe, kua taratibu! Mbao za urefu huo siku hizi haziletwi mjini." Aidani naye alikuwa na majibu. Alimwambia Ramson akifa, yeye atamrithi randa na mke.

Aidani alianza kutoka damu puani. Tundu moja tu, la kulia. Nani hajawahi kutoka damu puani? Mama yake alimmwagia maji ya baridi kichwani, akamlaza chali, kama tulivyolazwa sisi sote. Ikakata. Ikarudi. Ikawa inarudi akiwa ameinama kufunga viatu, akiwa anakula, akiwa anacheka. Halafu pua ikaziba upande ule, sauti ikawa ya mtu mwenye mafua yasiyoisha, shavu likaanza kuvimba na jicho likasukumwa nje kidogo. Ukimwambia afungue kinywa, unaona kule nyuma kaakaa limeshuka, limesukumwa na kitu.

Shangazi yake alikuja kutoka Namtumbo, akachungulia, akatoa hukumu: kimeo. Nyama imeshuka, ikatwe. Anamfahamu mzee anayekata vizuri, hata watoto wake wote walikatwa naye. Ludovika alikubali. Simlaumu, mtu aliyechoka kufua mashuka yenye damu hukubali chochote. Walipanga kwenda Jumamosi.

Ijumaa Aidani akatoka damu paredi shuleni. Haikukata. Walimu walimleta mpaka kwa mama yake na beseni mkononi, na Ramson ndiye aliyembeba, akampakia kwenye bajaji, tukaenda naye hospitali wote wanne. Damu ilichafua shati zima la Ramson na hakusema neno la kipuuzi njia nzima. Nilidhani ni haraka.

Huwa nawaza kuhusu ile Jumamosi ya kukata kimeo ambayo haikufika.

Bahati ilikuwa kwamba juma lile madaktari bingwa walikuwa wamekuja kwa kambi ya matibabu. Daktari wa pua na koo alikuwa mwanamke mfupi kutoka Mbeya, Daktari Imaculata, anayezungumza polepole kama anayehesabu mishono. Aidani aliongezewa damu, akapigwa picha, na kesho yake daktari akatuita pembeni ya kitanda.

"Mama Aidani, hiki si kimeo. Ni uvimbe, unawapata vijana wa kiume wa umri huu. Si saratani. Lakini wote ni mishipa ya damu. Angekatwa kule mlikotaka kumpeleka, mngerudi na maiti."

Ludovika akakaa chini sakafuni. Daktari naye akachuchumaa, akaendelea kusema naye pale pale chini, na kwa hilo nilimheshimu.

Alisema Dar es Salaam wana mashine ya kuziba mishipa inayoulisha uvimbe kabla ya kuukata. Hapa haipo. Lakini kijana hawezi kusafiri, damu inatoka kila anapotikiswa, na jicho haliwezi kusubiri foleni. "Kwa hiyo nitafanya hivi. Kwanza nitafungua hapa shingoni, nifunge mshipa mkubwa unaoupelekea damu. Mwenzangu wa dawa za usingizi atamshusha presha kidogo, kichwa tutakiinua. Kuna dawa ya kusaidia damu igande, na kuna gozi zenye dawa ya kubana mishipa. Kila gozi inayotoka itapimwa kwenye mizani, tujue amepoteza kiasi gani."

Ramson aliposikia neno kupima akainua uso.

"Na bado atatoka damu," daktari akasema. "Nisiwadanganye. Nikishaanza kuung'oa sitaweza kusimama katikati. Nataka chupa sita za kundi O kwenye friji kabla sijashika kisu. Benki ina mbili. Nne mlete ninyi. Jumamosi ijayo tunaondoka."

Daktari akatoka. Aidani alikuwa amelala na gozi puani, macho makubwa, anajaribu kutabasamu. Alikuwa anamwangalia Ramson. Alikuwa anangoja. Mama yake pia akageuka. "Mtani," akasema, "umesikia? Sema basi chochote."

Ramson akamtazama yule kijana kitandani, kuanzia utosini hadi vidoleni.

"Pole sana, mwanangu," akasema, akatoka nje.

Nilimwona Ludovika akishika chuma cha kitanda. Aidani akageukia ukutani.

Jumatatu yake Ramson alikuja kibandani na kipimo. Alitaka satini ya ndani, nyeupe, lesi nyembamba. Nikamuuliza ya nani. "Ya mtu wa Mjimwema," akajibu, hakunitazama. Nikashona. Kichwa changu kilikuwa hospitali, miguu tu ndiyo ilikuwa kwenye cherehani. Niliona tu kwamba kitambaa ni kirefu.

Ludovika alikuwa amempigia kaka yake, Marcelino, mkulima wa tumbaku huko Namtumbo. Marcelino alikusanya ndugu, wake kwa waume, wakaacha majani yakikauka mabanini, wakapanda Kosta alfajiri ya Jumatano. Operesheni ilikuwa Alhamisi. Mimi nilipimwa mapema nikakataliwa, damu yangu haitoshi. Ludovika kundi lake si lile. Ramson alipimwa akakutwa O. Basi ndugu walipofika kwenye chumba cha kuchangia damu, mtu wa kwanza waliyemkuta amekaa kwenye benchi alikuwa Ramson. Amekunja mkono wa shati, kimya, penseli sikioni, futi imechungulia mfukoni. Hakukumbuka kuviacha nyumbani. Nani anakumbuka kuacha sikio lake nyumbani?

Marcelino alimtambua mara moja. Jeneza la baba yao lilitoka kwenye karakana ile. Akasimama mlangoni, nyuma yake msafara mzima.

"Kamwene, mtani," akasema kwa uangalifu.

"Shikamoo, mjomba," Ramson akajibu.

Ramson ana mvi kichwa kizima! Marcelino ni mdogo kwake kabisa! Nikaona uso wa Marcelino ukibadilika rangi. Akanivuta pembeni. "Dada Esteria, mmetuita kutoa damu au kuzika? Fundi ameshafika na futi?"

"Amekuja kuchangia!"

"Mbona hatutanii?"

Swali hilo lilikuwa langu pia. Ramson akaitwa ndani kutolewa damu. Na wale wengine walisikia. Shangazi, yule wa kimeo, akasema damu ikimwagwa kwa mtu aliyekwisha kupimwa na seremala, anakwenda nayo, na wewe uliyeitoa inakuvuta umfuate. Sijui aliitoa wapi habari hiyo. Mmoja akasema anakwenda kujisaidia. Mwingine akakumbuka hajanywa chai. Mpaka Ramson anatoka ndani na pamba mkononi, benchi lilikuwa tupu.

Hasira iliyonipanda! Nilimrukia. "Ondoka hapa! Umewafukuza! Wewe na penseli yako na huo uso wako wa msiba! Bora ungetukana!" Nilimpiga na mkoba kifuani, mbele za watu. Muuguzi Hilda, aliyemtoa damu, alinishika mkono, akasema huyu mtu ametoka kutoa damu, akae kwanza, anywe soda. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba chupa sasa ziko tatu, na kwamba daktari ameuliza mara mbili.

Ramson hakukaa. Akauliza wameelekea wapi. Nikasema stendi, wapi tena.

Nilimfuata kwa sababu nilidhani ataanguka njiani. Tuliwakuta wameshaingia kwenye Kosta, wamepanga mizigo mapajani, wanaangalia mbele kama watoto walioiba sukari. Ramson akasimama mlangoni mwa gari. Alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka. Akafungua kinywa. Nikaomba Mungu, nakwambia kweli, nikaomba matusi.

"Wangoni!" akapiga kelele. Stendi nzima ikageuka. "Enyi wana wa wakimbizi! Babu zenu walinyongwa na Wajerumani mji huu huu hawakupepesa jicho, leo wajukuu mnakimbia sindano ya kushonea kaptura! Mimi Mbena, mnayeniita mbeba vikapu wenu, nimetoa damu, nimesimama! Yule mtoto kesho ataamka na damu ya Kibena mwilini! Ataanza kunywa ulanzi! Ataoa Njombe! Mahari mtaleta kwangu! Nendeni! Nendeni mkafunge tumbaku, ukoo nimeuchukua!"

Kondakta alicheka mpaka akashika mlango. Abiria wakaanza kupiga makofi. Ndani ya gari Marcelino aliinuka taratibu, uso umemvimba.

"Mbena," akasema, "yaani mpwa wangu awe Mbena?"

"Tayari nusu!"

"Shukeni," Marcelino akawaambia watu wake. "Shukeni wote. Huyu mla mbwa hatuwezi kumwachia."

Wakashuka. Wakarudi kwa miguu wakitukanana naye njia nzima, shangazi akiwa wa mwisho, na waliokuwa na kundi O miongoni mwao walitosha. Hilda alipanga chupa zote sita kwenye friji jioni ile. Ramson alilala kwenye benchi la korido, miguu juu, mweupe midomoni, akiendelea kumtukana Marcelino kwa sauti ya chini.

Alhamisi asubuhi walimwingiza Aidani. Alipopitishwa kwenye machela, Ramson alimwambia, "Usinichafulie damu yangu humo ndani." Aidani akanyoosha kidole gumba. Milango ikafungwa.

Sitaki kuisimulia sana siku ile. Tulikaa ukutani. Kila mara mlango ulifunguka na Hilda akatoka na kile kiboksi cha ubaridi, akaenda benki ya damu, akarudi. Mwanzo alikuwa anatembea. Marcelino, plasta mkononi, alikuwa anasema, "Hiyo yangu hiyo," na watu wanatabasamu. Baadaye Hilda akawa anatembea haraka, na Marcelino akaacha kusema. Halafu akatoka anakimbia, viatu vyake vyeupe vina doa, hakututazama. Ludovika akaanza kusali rozari kwa sauti ambayo haikuwa yake. Ramson alikuwa amekodoa macho pale chini ya mlango, pale mwanga unapopita, na midomo yake inacheza. Niliinama nisikie. Alikuwa anamtukana Aidani. Tusi baada ya tusi, bila kupumzika, mrefu usiye na adabu wewe, mwizi wa randa wewe, kana kwamba akinyamaza kitu fulani kitasikia.

Mchana umekwisha Daktari Imaculata akatoka, kofia mkononi, nywele zimelala kwa jasho. Alikaa kwenye benchi kati yetu.

"Yuko hai," akasema. "Chupa ya mwisho bado inaingia."

Ludovika alimwangukia magotini. Daktari akamshika kichwa, akasubiri mpaka amemaliza kulia. Kisha akasema lile lingine. "Nimetoa nilichokiona. Lakini uvimbe huu una tabia ya kuota tena. Mizizi yake inajificha. Mumlete apigwe picha kila tutakapomwita, na akitoka damu puani, hata tone, msisubiri. Tone tu."

Tulisema ndiyo. Siku kama ile unasema ndiyo kwa kila kitu.

Jeneza nililiona wiki iliyofuata. Nilikwenda nyuma ya karakana kutafuta kipande cha mbao cha kuzuia mlango, nikalikuta limesimama ukutani chini ya turubai, na ndani yake satini yangu. Hakuna mtu wa Mjimwema aliyekuwa mrefu hivyo. Nililiangalia, halafu nikaangalia mikono yangu mwenyewe. Nilirudi mbele nikamtupia Ramson mkasi. Ulimkosa.

"Ulimtengenezea! Mtoto anapumua, wewe ukamtengenezea! Na mimi ukanishonesha!"

Hakujitetea. Alikaa kwenye lundo la maranda akalia, mtu mzima na mvi zake. Alisema macho yake yanapima yenyewe, siku ile kitandani yalipima, na mkono wake haukulala mpaka kazi ilipokwisha. Alisema alitaka kulichoma lakini aliogopa kulichoma. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nilimletea maji.

Tulidhani tutalificha. Lakini mtaani hakuna siri, Aidani alikuja mwenyewe, amekonda, kovu jipya shingoni. Akavuta turubai, akalizunguka, akagonga ubao kwa kidole. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Halafu yule mtoto akacheka.

"Umenipima, umenitengenezea. Basi ni langu. Nachukua." Mtani akichukua kitu cha mtani mwenzake, hakidaiwi. Akakodi mkokoteni, akalivusha barabara mchana kweupe, mama yake akapiga ukunga mpaka vitumbua vikaungua. Aidani aling'oa satini, akanirudishia, akalilaza stoo, akalijaza mahindi ya Namtumbo mpaka juu.

Toka hapo Ludovika huchota humo mahindi ya unga wa wiki. Mimi nikienda kuazima kisado cha mahindi huchungulia yamebaki kiasi gani, kisha hujilaumu kwa kuchungulia. Mwaka wa kwanza lilijazwa tena. Picha za hospitali zilikuja safi, ya kwanza na ya pili. Ya tatu haikupigwa. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na mvua, mtoto alikuwa anadaka mipira kama zamani. Na alikuwa anarefuka. Amepita urefu wa lile sanduku.

Juzi alikuja karakanani na kiti cha shule kilichovunjika mguu. Nilikuwa nashona, dirisha wazi, nawaona na kuwasikia.

"Kamwene, Mngoni!" Ramson akaanza, na furaha ilikuwa imemjaa mdomoni. "Sasa wewe kwenye ghala lako hutoshi tena. Itabidi nikukate miguu, au niku..."

Aidani alicheka, akapitisha mgongo wa mkono chini ya pua, vile vijana wanavyofanya. Akaushusha. Kwenye vifundo vya vidole kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Yeye hakuuona.

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

Ramson hakumalizia. Alitoa penseli sikioni akaiweka benchini, akatoa futi mfukoni akaiweka kando ya penseli. Akaanza kukunja mkono wa shati, polepole, mpaka juu ya kiwiko.

"Esteria," akaniita bila kugeuka, "mpigie Marcelino. Mwambie waje wote."

Nikashika simu. Aidani alikuwa bado amesimama mlangoni na kiti chake mkononi, anatabasamu, anangoja kutukanwa.